Kivuli cha Mkungu

Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mkungu. Aliyeigonga alitumia bolti kubwa iliyolazwa juu ya jiwe, hatua chache pembeni. Mkungu ulikuwa na kivuli, jiwe halikuwa nacho. Kwa hiyo mwezi wa pili kiranja wa zamu alikwenda kugonga kengele ya saa nane akiwa na kitambaa mfukoni, maana bolti ilikuwa haishikiki. Aliyesahau kitambaa tulimjua kwa mlio tu: aligonga mara moja badala ya tatu, akarudi akipuliza vidole.

Hiyo ni Tanga, Februari 1995, nami nilikuwa darasa la sita. Mtu wa Tanga akitajiwa mwezi wa pili haulizi unamaanisha nini. Kaskazi inavuma lakini haipozi. Kuta za nyumba zinatoa joto mpaka usiku wa manane, watu wa mtaa wa Ngamiani wanatandika mikeka barazani, na baiskeli iliyoachwa juani haikaliki. Ukitazama kipimajoto hutishiki: nyuzi 32, siku nyingine 33. Ipo miji ya jangwani inayopita hapo kwa nyuzi 10 na zaidi. Ila hewa ya pwani miezi hiyo imejaa maji, na jasho haliupozi mwili kwa kutoka, linaupoza kwa kukauka. Kwetu lilikuwa halikauki. Lilichuruzika kutoka kisogoni, likapita mgongoni, likaishia kwenye mchanga, na joto likabaki ndani ya mtoto.

Mwezi huo tulikuwa tunajiandaa kwa halaiki. Shule za jirani zingekutana kwetu wiki ya pili ya Machi, mgeni rasmi angekuja, na sisi wenyeji tungemwandikia neno KARIBU kwa miili yetu pale uwanjani. Herufi sita, watoto 40 kila herufi, jumla watoto 240. Kila mmoja alikuwa na vitambaa viwili, chekundu na cheupe, na filimbi ikilia tulibadilisha kwa pamoja. Mimi na rafiki yangu tulikuwa kwenye mguu wa herufi R, yeye mbele, mimi nyuma yake. Kwa wiki tatu nilichokiona zaidi duniani kilikuwa kisogo chake na ukosi wa shati lake.

Mpaka Desemba uwanja ule ulikuwa na miarobaini minne upande wa magharibi. Ilikatwa likizo ya Krismasi. Tuliporudi Januari tulikuta visiki, tukaambiwa miti ilikuwa inaziba mahali litakapowekwa turubai la wageni, wasingeona herufi vizuri. Hatukuona ajabu. Tulikuwa watoto, na miti ya shule ilikuwa mali ya wakubwa. Ulibaki ule mkungu mmoja, na chini yake palikuwa pa walimu.

Mazoezi yalikuwa saa nane hadi saa kumi, baada ya masomo. Saa ile iliwekwa ili vipindi visiguswe, na hakuna aliyeiuliza mara mbili. Mwalimu wa halaiki alikuwa kijana aliyehamia kwetu Januari ile ile kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako hata Februari mtu anaweza kulala na blanketi. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama juani pamoja nasi, bila kofia, shati limemganda mgongoni, na kwa umri wangu wa sasa namwona kama kijana aliyekuwa anaumia kuliko sisi. Mwili unaohamia kwenye joto unahitaji wiki moja mpaka mbili kulizoea: kuanza kutoa jasho mapema, kupunguza chumvi inayotoka na jasho, kuutuliza moyo. Yeye alishuka kutoka milimani akaanza kazi siku ya pili. Hakujua kitu kuhusu joto letu, na sisi tulioshinda ndani yake tangu kuzaliwa hatukuwa na ruhusa ya kumwambia.

Neno ruhusa ndilo ninalolikumbuka zaidi. Bomba la maji lilikuwa nyuma ya ofisi, hatua zisizofika mia. Kulifikia, ulipaswa kunyoosha mkono, usubiri kuonwa, useme mbele ya watoto 239 kwamba wewe una kiu. Jibu lilikuwa moja kila siku: "Herufi itavunjika." Na kweli ingevunjika, mtoto mmoja akitoka mstarini R inakuwa na tundu. Pia tuliambiwa kwamba maji katikati ya mazoezi yanaleta kichomi. Hilo tuliliamini kabisa, tukalipeleka nyumbani, tukawafundisha wadogo zetu. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba tulikuwa tumefundishwa kuogopa kitu ambacho kingetukinga.

Kisha Ramadhani ikaandama, siku za mwanzo za mwezi ule. Wengi wetu tulikuwa wa miaka 12 au 13, umri wa kujivunia kufunga siku nzima. Wenzetu wasiofunga walijificha kunywa maji, kwa heshima na malezi yao. Mazoezi hayakupunguzwa. Sikumbuki mzazi aliyelalamika, hata mama yangu, aliyeniona nikirudi saa kumi na moja na kujitupa sakafuni, shavu kwenye saruji ili nipate ubaridi. Alidhani ni saumu. Mimi pia nilidhani ni saumu. Sasa najua kwamba mtoto aliyefunga anaweza kufikisha magharibi salama akikaa kivulini na kusoma kitabu. Aliyekuwa hawezi kufikishwa salama ni mtoto aliyefunga na kurusha mikono juani saa mbili mfululizo. Kama maji yamezuiwa na ibada, basi kivuli, saa na mapumziko vilipaswa kuongezwa maradufu. Vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa wakubwa.

Kumi la mwisho lilipoanza, rafiki yangu alianguka.

Watu husimulia kwamba mtoto "alianguka ghafla". Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua moja, na nasema haikuwa ghafla. Alianza kwa kucheka. Hakuna aliyesema la kuchekesha. Akatulia, kisha akainua kitambaa chekundu filimbi ilipotaka cheupe, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya kwanza, maana ndiye aliyekuwa akitusahihisha sisi. Akageuka akaniita kwa jina la dada yake. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Geuka, tutachapwa." Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Akageuka, akayumba kama mtu aliye ndani ya mashua, mguu wa kushoto ukakunjika, na R ikavunjika.

Nilikuwa nimeona dalili zote nikanyamaza, kwa sababu kuzungumza mstarini kulikuwa na adhabu yake. Nimebeba hilo miaka 30.

Mwalimu alikuja mbio. Alidhani ni uvivu kwa muda wa kupiga hatua tano, kisha akamgusa shavu, na uso wake ukabadilika. Wavulana wawili walimbeba hadi chini ya mkungu. Ngozi yake ilikuwa ya moto ajabu, na bado ilikuwa imelowa jasho. Nalisema hili kwa sababu wengi wanaambiwa kwamba aliyepigwa na joto huwa mkavu. Aliyeanguka akiwa kwenye mazoezi anaweza kuwa amelowa chapachapa. Cha kutazama ni akili: akichanganya majina, akicheka au kugomba bila sababu, akishindwa kusema yuko wapi, joto la mwilini linaweza kuwa limefika nyuzi 40 au kupita, na ubongo umeanza kudhurika.

Mbele ya uwanja palikuwa na nyumba ya mama mmoja mtu mzima aliyetuuzia ubuyu na mabungo langoni. Tulimwita Bibi. Ramadhani alifunga meza yake, akawa anakaa barazani kuchambua kunde za futari. Alipoona watoto wanakusanyika chini ya mkungu aliacha ungo, akaja na ndoo ya maji na kanga mbili begani. Hakuna aliyejua, mimi nikiwemo, kwamba katika ujana wake alikuwa mhudumu wa zahanati ya shamba la mkonge.

"Sogeeni, mnamzibia hewa," alisema. Akawaambia wasichana washike kanga moja kuwa pazia, akamvua rafiki yangu viatu, akamlegeza sketi, akammwagia ndoo nzima kuanzia kichwani hadi miguuni. Kanga ya pili aliilowesha akamfunika nayo. Wavulana walipangwa foleni kutoka bombani, ndoo zikapokezanwa. Sisi tulitoa madaftari tukampepea. Upepo juu ya kanga iliyolowa: ndilo lile jasho lililokuwa limekataa kukauka, sasa tunamkaushia kwa mikono.

Mlezi mmoja alifika na gari dogo aina ya pikapu akataka apakiwe mara moja apelekwe hospitali. Bibi alikataa. "Mpozeni kwanza, baba. Mkimpakia hivi hivi, njiani anaendelea kuiva." Mwingine alileta kikombe cha maji amnyweshe, Bibi akausukuma mkono wake: mtoto hajitambui, maji yataingia mapafuni. Baadaye, rafiki yangu alipofumbua macho na kulitaja jina langu sawasawa, ndipo Bibi alipochukua kile kikombe. Rafiki yangu akafunga midomo. Alikuwa amefunga, na magharibi ilikuwa bado. Bibi akamwinamia. "Kunywa mwanangu. Mgonjwa ana ruhusa kwa Mungu. Siku yako utailipa ukipona." Akanywa, huku analia.

Gari lilipoondoka naye, Bibi alikaa kwenye kisiki kimojawapo cha miarobaini, amelowa hadi kiunoni, akamtazama yule mwalimu kijana. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, mimi nimehudumu kwenye mkonge. Wakataji wetu waliingia shambani giza halijatoka, ili kipande chao kiishe kabla jua halijafika utosini. Manamba, wanaume wazima, hawakukata mkonge saa nane mchana. Nyie mmewaweka hawa."

Nimesoma mengi tangu siku ile na sijakuta maelezo yanayoshinda hayo. Wanaoshughulika na tiba ya michezo leo wana kanuni yao: poza kwanza, safirisha baadaye. Bibi aliijua kutoka zahanati ya shambani, pengine kwa kuwaona waliosafirishwa bila kupozwa.

Rafiki yangu alilazwa siku mbili. Kilichofuata shuleni kilikuwa kikao cha wazazi, na pale nilitegemea kelele. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alisimama akauliza swali moja: "Kuku wangu nikiwafunga juani saa nane watakufa, na kila mtu hapa anajua. Sasa nani aliweka watoto juani saa nane?" Akakaa. Yule mwalimu kijana akasimama, akasema ni yeye, akaomba radhi mbele ya wote. Mwalimu mkuu, mama wa makamo kutoka Pangani, akasimama baada yake akasema kwamba ratiba ilikuwa na saini yake yeye. Nimewahi kukaa kwenye vikao vingi vya shule tangu hapo. Sijaona tena watu wazima wawili wakigombea lawama namna ile.

Mazoezi yalisimamishwa mpaka Idi ipite. Yaliporudi yalianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumalizika kabla ya saa mbili, na kwa kuwa tulikuwa tumekaa bila kusimama juani, siku ya kwanza ilikuwa nusu saa tu, kisha muda ukaongezwa kidogo kidogo. Wazazi walijenga banda la makuti pembeni ya uwanja kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Mitungi miwili iliwekwa ndani, na kata za vifuu. Kila mtoto alipewa pacha wa kumtazama, na pacha akiona mwenzake anayumba au anasema ovyo, amshike mkono watoke wote wawili bila kuomba. Mwalimu mkuu alilitamka hilo mstarini kwa sauti yake: "Bila kuomba. Herufi ikivunjika, ivunjike." Sisi tulitazamana. Banda na mitungi vilitufurahisha, lakini kilichobadilisha shule yetu ni hayo maneno mawili ya kwanza.

Siku yenyewe mgeni rasmi alitakiwa saa tatu. Alifika saa sita kasoro. Wageni wengine walikuwa chini ya turubai tangu asubuhi, na soda. Kwa mpango wa zamani tungekuwa mistarini saa zote hizo. Sisi tulikaa kwenye banda la makuti, tukanywa maji, tukaimba. Vumbi la magari lilipoonekana barabarani filimbi ililia, tukatoka mbio, na neno KARIBU likawa limesimama uwanjani kabla mgeni hajafika kwenye kiti. Mwalimu alipima kwa saa yake: dakika mbili. Wiki tatu tulikuwa tumesimamishwa juani kwa ajili ya kitu kilichohitaji dakika mbili. Rafiki yangu alikuwa bandani, kwa amri ya daktari, amekaa na Bibi. Mahali pake kwenye mguu wa R alisimama mdogo wake.

Nimekuwa mwalimu kwa karibu miaka 20 sasa, sehemu kubwa nikiwa hapa hapa pwani. Kwenye dirisha la ofisi yangu nina vipimajoto viwili vya bei ndogo, kimoja kikavu, kingine nimekivika utambi wa pamba uliochovywa kwenye kikopo cha maji. Vikisoma karibu sawa, najua jasho la watoto halitakauka siku hiyo, na michezo inahamia asubuhi. Jambo hili si uganga wangu. Katika miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilichoshwa na vijana kuanguka kwenye kambi ya mafunzo ya Parris Island, pwani ya South Carolina, na watafiti wakaunda kipimo kinachojumlisha unyevu, mionzi ya jua na joto la hewa. Katika hesabu yake unyevu, kupitia kile kipimajoto chenye utambi, unachukua sehemu 7 kati ya 10, joto la hewa kavu sehemu 1 tu. Ndiyo maana nyuzi 33 za Tanga zinaweza kumwangusha mtoto ambaye nyuzi 38 za mahali pakavu zingemwacha amesimama.

Na joto linaongezeka. Machi 2024 Sudan Kusini, wenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, walifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 wakafunga tena kwa wiki mbili, baada ya naibu waziri wa elimu kueleza kwamba wanafunzi wapatao 12 walikuwa wanazimia kila siku mjini Juba. Niliposikia habari ile redioni niliwaza wangapi kati ya hao walicheka kwanza, wakaita wenzao kwa majina yasiyo yao, na nani alikuwa nyuma yao.

Mwaka jana nilipita shuleni kwetu. Reli bado inaning'inia kwenye mkungu. Bibi alishatangulia mbele ya haki. Upande wa magharibi wa uwanja ipo miarobaini saba, tuliyoipanda masika ya 1995 kwa mikono yetu, kila herufi mti wake na mmoja wa Bibi, na alasiri kivuli chake kinafika katikati ya uwanja. Chini yake watoto wa darasa la tano walikuwa wanacheza rede, chupa za maji zimepangwa kwenye mizizi. Rafiki yangu ana binti katika darasa hilo.

Wewe unayesoma huenda siku moja utaalikwa kuwa mgeni rasmi kwenye sherehe ya shule, kati ya Desemba na Machi. Kabla hujakubali, uliza watoto watakaa wapi mpaka ufike. Ukijibiwa kwamba watakuwa uwanjani, waombe wenyeji walihamishe turubai upande wa watoto, nawe ufike kwa wakati.